Laana ya Mji Mdogo: Hadithi za Mizuka na Mapenzi, na Jinsi ya Kuzisoma

Muhula huu wenzangu wengi wameniuliza juu ya vile vitabu vinavyopita mkono kwa mkono mabwenini. Ni vitabu vya mapenzi, walakini mapenzi yake si ya kawaida. Msichana anampenda kijana ambaye si mtu kamili, bali ni mzuka au mnyonya damu, na wote wawili wanaishi katika mji mdogo wenye laana. Hadithi yenyewe haiishi katika kitabu kimoja. Ukifika mwisho waona ya kuwa huna budi kutafuta kitabu cha pili, na cha pili chakupeleka kwenye cha tatu.

Wako wasemao kwamba vitabu hivi ni vya kishetani, heri vichomwe moto. Wako wasemao kwamba ni upuuzi mtupu. Mimi sikubaliani na hawa wala wale. Nilisoma vitabu vinne vya mfululizo mmoja nikavifurahia sana, kisha vikaniletea aibu nyumbani kwetu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute kuvifahamu. Katika makala hii nataka kueleza hadithi za namna hii zinajengwaje, zilianzia wapi, sisi tusemao Kiswahili tunazo zipi, na mtu azisomeje pasipo kumdhuru jirani yake.

Nianze na ujenzi wake, maana mtu ajuaye nyumba ilivyojengwa hapotei ndani yake.

Kitu cha kwanza ni mji mdogo. Mwandishi hachagui London wala Dar es Salaam, kwa sababu katika mji mkubwa mtu akipotea usiku mmoja jirani hana habari. Katika mji mdogo kila mtu amjua mwenziwe, amjua na babaye, na akumbuka ugomvi wao wa mwaka wa njaa. Sisi wa Bariadi twalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mgeni akishuka kituo cha mabasi asubuhi, kabla ya adhuhuri mama wauza nyanya sokoni wamekwisha kujua amefikia kwa nani. Mahali pa namna hiyo siri ni kitu kizito, nayo hadithi hupata nguvu.

Kitu cha pili ni kosa la zamani. Laana haitoki hewani. Hapo kale mtu mmoja aliua, au alidhulumu yatima, au alivunja ahadi ya ndoa, na mji mzima ukanyamaza. Sasa watoto na wajukuu wanalipa deni wasilolikopa.

Kitu cha tatu ni mgeni. Mara nyingi ni msichana wa umri wetu aliyehamia hapo karibuni. Kwa kuwa hajui miiko ya mji, auliza maswali ambayo wenyeji wamekwisha kuacha kuyauliza, na sisi wasomaji twajifunza mambo pamoja naye.

Kitu cha nne ni mapenzi yenye sharti. Katika hadithi za kawaida vijana hukatazwa na wazazi, au na umaskini, au na dini. Katika hizi hukatazwa na maumbile yenyewe: kijana akimkaribia mno mpenzi wake huenda akamwua, na akimwacha wote wawili watahuzunika maisha. Nadhani hiyo ndiyo sababu vijana tunazipenda. Sharti lile la ajabu ni picha ya jambo tunalolijua sote, yaani kumpenda mtu kabla hatujawa na hakika kama atatufaa au atatudhuru.

Kitu cha tano ni mfululizo. Kila kitabu hufungua mlango mmoja wa siri na kuacha mwingine umefungwa. Huo ni ujanja wa biashara, sikatai. Lakini ni ujanja wa kale pia. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliokoa maisha yake kwa kuikatisha hadithi kila alfajiri, mfalme akawa hana budi kumwacha hai mpaka usiku wa pili apate kuimaliza.

Sasa asili yake. Huko Ulaya watu huhesabu tangu mwaka 1764, Mwingereza Horace Walpole alipotoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto. Ni habari za ngome na ukoo wenye laana. Mwanzoni tu mwa hadithi kofia ya vita ya chuma, kubwa kupita kiasi, yamwangukia bwana arusi siku ya harusi yake na kumwua. Hakuna maelezo ila kwamba nguvu zisizoonekana zinadai haki yao. Miaka 30 baadaye, mwaka 1794, mwanamke aitwaye Ann Radcliffe alitoa The Mysteries of Udolpho. Humo pia mna ngome, mna usiku, mna sauti za kutisha na msichana aliyependa. Walakini mwishoni Bibi Radcliffe huvua vitisho vyake nguo kimoja kimoja. Kile kitu cha kuogofya nyuma ya pazia jeusi, kilichomfanya msichana azimie, kumbe kilikuwa sanamu ya nta.

Hapo ndipo njia zilipogawanyika, nami naomba msomaji azishike njia hizi mbili akilini, kwa sababu tutazirudia. Katika njia ya Walpole mzuka ni mzuka kweli. Katika njia ya Radcliffe mzuka ni kivuli tu, na nyuma ya kivuli yuko mtu mwenye shabaha yake.

Njia ya kwanza ndiyo iliyozaa vitabu vya mabwenini. Mwaka 1897 Bram Stoker, mtu wa Ireland, alitoa Dracula, habari za bwana mkubwa anayekunywa damu za watu. Watu wa pwani yetu wangemwita mumiani. Kisha Wamarekani wakaongeza mji mdogo. Tangu mwaka 1966 mpaka 1971 televisheni yao ilionyesha mchezo wa mfululizo ulioitwa Dark Shadows, sehemu zaidi ya 1,200, uliotokea katika mji wa kubuni wa wavuvi ulioitwa Collinsport. Humo mlikuwa na Barnabas Collins, mnyonya damu. Aliingiwa na laana hiyo kwa sababu alilikataa pendo la mwanamke mchawi. Angalieni jinsi mapenzi na laana vilivyofungwa kamba moja.

Mwaka 2005 Stephenie Meyer alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Twilight, na cha nne kikatoka mwaka 2008. Ndivyo vile nilivyosoma mimi. Mji wake, Forks, ni mji wa kweli katika jimbo la Washington, Marekani, nao una wakazi 3,000 na ushei. Mwandishi hakuwa amefika huko alipoanza kuandika. Aliuchagua kwa sababu alitaka mahali pa mvua na mawingu mengi, ili watu wake wasioweza kuonekana juani wapate pa kukaa. Vitabu hivyo vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 100, na wasomaji husafiri kutoka mbali kwenda kuutazama mji ule mdogo. Kwa hiyo Forks imepata wageni kwa sababu ya mizuka ambayo haikuwako kamwe. Huko hapana mkazi aliyepigwa kwa kudhaniwa kuwa mnyonya damu. Nakuombeni mlikumbuke neno hilo.

Njia ya pili nayo ilizaa wana. Mwaka 1901 na 1902 Arthur Conan Doyle alitoa, sehemu baada ya sehemu katika gazeti moja la London, hadithi ya The Hound of the Baskervilles. Ukoo mmoja wa matajiri walisemwa kuwa na laana: mbwa wa kuzimu huwawinda kwa ajili ya dhambi ya babu yao. Mzee wa ukoo anakufa kwa hofu, na karibu na maiti zaonekana nyayo za mbwa mkubwa. Mrithi wake anakuja, anampenda msichana jirani, na sasa yeye naye yumo hatarini. Ndipo Sherlock Holmes anapochunguza. Haulizi, "Je, laana ni ya kweli?" Anauliza, "Mtu huyu akifa, mali itakwenda kwa nani?" Kumbe mbwa alikuwa mbwa, amepakwa dawa ing'aayo gizani, na mwenye mbwa alikuwa jirani mpole aliyekuwa na haki ya siri ya kurithi.

Hadithi za Sherlock Holmes ndizo zilizompa mfano Mzanzibari mmoja, na kwa yeye twafika nyumbani. Lakini kabla ya kumtaja yeye, ni haki nimtaje aliyemtangulia.

Sheikh Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, alitoa mwaka 1952 kitabu kiitwacho Adili na Nduguze. Wengi wetu tumeambiwa kuwa ni kitabu cha maadili, tukakiogopa. Kumbe ndani yake mna mji uliolaaniwa na mapenzi pia. Adili anafika katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, na katika mji ule wote amebaki hai binti mmoja tu, Mwelekevu. Nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, wanaingiwa na wivu kwa ajili ya binti huyo hata wanamtosa Adili baharini. Aliyemwokoa ni jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumtendea wema bila kumjua. Ndugu wale wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa kuwachapa viboko kila usiku, huku moyo wake ukiuma. Haya ni mambo ya njia ya kwanza, maana jini ni jini na jiwe ni jiwe. Walakini tazameni majina: Hasidi na Mwivu. Marehemu Shaaban hakutuficha kilichowageuza watu kuwa wanyama.

Mzanzibari niliyemdokeza ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, akafanya kazi ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti, likiwamo Mkulima, gazeti la wakulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Akaendelea na Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Ni mfululizo wa vitabu saba, na shujaa wake ni yule yule, Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum.

Katika kitabu cha kwanza tajiri mmoja, Bwana Ali bin Said, anaonekana ameuawa mahali pa mzimu, yaani pale ambapo watu wa kale walikwenda kutoa sadaka na kuomba. Mji una tafsiri yake tayari: mzimu umekasirika. Giningi, katika kitabu cha pili, ni jina ambalo watu wa Unguja na Pemba hulitaja kwa hofu, kwa kuwa husimuliwa kuwa ni mahali wanapokutana wachawi. Basi mwandishi amechagua kwa makusudi mahali ambapo msomaji wake mwenyewe angesita kupita usiku. Kisha anamtuma Bwana Msa apite. Bwana Msa hawacheki waaminio mizimu, wala hawatukani. Huketi, huvuta kiko chake, husikiliza mambo ya ndoa, ya mapenzi ya siri, ya mashamba na ya urithi, na mwishowe hupata mtu penye jina la mzimu. Ni mtu gani sitasema, kwa maana maktaba yetu ina nakala ya kitabu kile na sitaki kumwibia mtu utamu.

Sasa nieleze ile aibu yangu.

Nilipokuwa kidato cha tatu binamu yangu aliyekuwa akisoma Mwanza aliniazima vile vitabu vinne vya Twilight. Nikaenda navyo likizo kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Jioni wadogo zangu na watoto wa majirani walikusanyika uani, nami nikawasimulia kwa Kisukuma na Kiswahili mambo niliyoyasoma mchana. Ili waelewe niliyabadili. Mji wa mvua nikaufanya kijiji chetu. Mnyonya damu nikampa macho mekundu, nikasema kwamba hulala mchana na huamka usiku kupika vitu visivyojulikana. Watoto walipiga kelele kwa furaha. Mmoja akasema, "Kama bibi!" Wote tukacheka, na mimi nilicheka.

Bibi yetu, mama mzazi wa baba, ana macho mekundu. Alikuwa akikaa peke yake katika nyumba ya pembeni tangu babu alipofariki. Kwa siku tatu au nne mchezo ukaendelea. Kisha nikaona ya kuwa watoto wa majirani hawampelekei tena maji. Wakimkuta njiani walikata kona. Mwezi ule ndama wawili wa jirani walikufa, na mtoto mchanga wa nyumba ya tatu akafa kwa homa. Katika msiba ule bibi alipika ugali akapeleka, na sahani yake ikarudi haijaguswa. Halafu zikaja habari kwamba mpiga ramli mmoja kutoka kijiji cha mbali ameulizwa, naye amejibu kuwa adui ni mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu, akaaye upande wa machweo ya jua.

Wasomaji wa mahali pengine huenda wasitambue hatari ya maneno hayo. Sisi wa Simiyu, na wenzetu wa Shinyanga, Mwanza na Geita, twaitambua. Kwa miaka mingi wanawake wazee katika Kanda ya Ziwa wameuawa kwa mapanga usiku baada ya maneno kama hayo, na ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ahadi za waganga wa uongo. Mwezi wa Januari mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku kazi ya wapiga ramli. Lakini uvumi hauna leseni ya kunyang'anywa. Hauanzi na panga, bali waanza na kicheko, kama kile cha uani kwetu.

Usiku ule sikulala. Niliogopa kumwambia baba kwamba mimi ndimi niliyewapa watoto lile jina la mnyonya damu. Asubuhi nilimwambia. Hakunipiga. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo baadaye nililikuta kwa Bwana Msa: "Bibi akiondoka hapa, majaruba yake ya mpunga kule mtoni yatalimwa na nani?" Nilikuwa sijafikiri habari za majaruba. Nilijua tu habari za macho. Baba alitaja jina moja, nami silitaji hapa. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji siku ile ile, na bibi akahamishiwa nyumbani kwetu kulala pamoja na mama. Baadaye ulifanywa mkutano, na wazee wakasema maneno makali. Bibi yu hai hadi leo. Wako bibi wa watu wengine ambao hawakupata siku hiyo moja ya kuwahiwa.

Mama ndiye aliyempeleka bibi hospitali kwa ajili ya macho. Tukaelezwa mambo mawili, nami nayaandika hapa kwa kuwa kila mwanafunzi wa mkoa huu angepaswa kuyajua kama ajuavyo jedwali la kuzidisha.

La kwanza ni moshi. Nchi yetu ni tambarare ya pamba na ng'ombe, na kuni zimekuwa haba. Wanawake hupikia mabua ya mahindi, miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, na samadi kavu ya ng'ombe, mara nyingi katika jiko lisilo na dirisha. Moshi wa vitu hivyo huchoma macho. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi ule asubuhi na jioni kwa miaka 50 hawezi kuwa na macho meupe kama ya mtoto.

La pili ni ugonjwa wa trakoma. Huletwa na vijidudu vinavyopita kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi wanaotua machoni. Watoto huupata kwanza, na mama na bibi huupata kwa kuwalea. Mtu akiupata mara nyingi kwa miaka mingi, ukope hukunjika kwa ndani, na nywele zake hukwaruza jicho kila linapofumbwa, mpaka pengine mtu akapofuka. Uko uwezekano wa kuutibu kwa dawa, na kope zilizokunjika hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Kunawa uso kwa maji safi huuzuia. Basi yale macho mekundu tuliyoyafanya alama ya uchawi ni alama ya kazi. Bibi ameyapata kwa kutupikia sisi na kwa kutulea.

Niliporudi shuleni niliingia maktaba nikitafuta kitabu cha kunituliza, nikakutana na Mzimu wa Watu wa Kale. Nilikisoma siku mbili. Ndipo nilipoelewa ya kuwa kosa langu halikuwa kusoma Twilight. Kosa langu lilikuwa kuitoa hadithi ya njia ya kwanza kitabuni na kuiweka kijijini, mahali penye majina na nyumba za watu. Forks hawakupata dhara, kwa maana hapana mtu huko aliyekuwa tayari kuyaamini maneno yale na kuyatendea kazi. Kwetu wapo walio tayari. Hadithi ile ile, kwenye mahali pawili, si kitu kimoja, kama vile njiti ya kiberiti iwashwayo jikoni si sawa na iwashwayo katika ghala la pamba.

Kwa hiyo nashauri hivi. Someni hadithi hizi, msiogope. Mkiwa ndani ya kitabu, mzuka na awe mzuka, jini na awe jini. Fungueni moyo mfurahi. Lakini mkikifunga kitabu na kusikia habari ya laana katika kijiji chenye watu wa kweli, shikeni njia ya pili peke yake, mkaulize maswali matatu ya Bwana Msa. La kwanza: nani alikuwa wa kwanza kuisema habari hii? La pili: aliyetajwa akiondoka, nani atapata shamba, ng'ombe au mume? La tatu: jambo lile lililotokea, ndama kufa au mtoto kuugua, laweza kuelezwa na bwana mifugo au na mganga wa zahanati? Mtu akiuliza maswali hayo kwa adabu mbele ya wazee, atakuwa amefanya kazi ya askari kabla askari hajaitwa.

Na msidhani kwamba hekima hii imetoka Uingereza au Unguja tu. Likizo iliyofuata nilimwomba bibi msamaha. Alisema, "Mjukuu wangu, hata Masala Kulangwa alikosea." Kisha akanisimulia tena hadithi ambayo kila mtoto wa Kisukuma ameisikia, lakini mimi nilikuwa nimeisahau mwisho wake.

Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, akazaa mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa. Jina lake ni mtu mwenye akili, afahamuye upesi. Alipokua akamwuliza mama yake watu wamekwenda wapi, naye akamweleza. Akawa atoka kuwinda, na kila akiua mnyama auliza kama huyo ndiye Shing'weng'we, mama akamjibu siye, mpaka siku moja akalikuta zimwi lenyewe akaliua. Alipolipasua tumbo, watu wote wakatoka wazima. Wengi wetu huishia hapo, tukapiga makofi. Bibi hakuishia hapo. Katika kupasua, kisu cha Masala Kulangwa kilimkata sikio mwanamke mmoja mzee aliyekuwamo tumboni. Mwanamke yule akakasirika sana, akataka kumroga kijana. Na yule aliyeliua zimwi hakuinua kisu mara ya pili. Alitafuta dawa, akamtibu lile sikio, akamwomba radhi. Baada ya hayo ndipo watu walipomfanya mtemi wao.

Nilimwuliza bibi kwa nini wasimuliaji wengine huliacha sikio lile. Akasema kwamba kuliua zimwi ni rahisi kusimulia. Kisha akaniambia nikachote maji, kwa sababu jua lilikuwa linakuchwa na alitaka kunawa uso.